Kabla ya Kununua Samaki, Chungulia Birika Lako

Tangi langu la kwanza lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Kwa hesabu ni lita 54, lakini ukishaweka mchanga na mawe hazifiki. Samaki niliwachagua kwa rangi: gapi sita na beta dume mmoja mwekundu. Muuzaji alinihakikishia wataelewana.

Asubuhi ya tatu nilimkuta gapi dume amejibanza nyuma ya jiwe, mkia wake umechanwachanwa, zimebaki njiti tu. Beta dume akiona mkia mpana wenye rangi humchukulia mwenye nao kuwa dume mwenzake, na hapo ni vita. Gapi yule alikufa jioni. Iliniuma, kwa sababu kosa halikuwa la beta.

Tangu hapo naanza na maji. Natumia maji ya kisima, na birika letu la chai huota ukoko mweupe kila baada ya wiki chache. Ukoko huo ni chokaa, dalili ya maji magumu, yaani yenye madini mengi. Gapi na moli huyapenda. Neoni tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yake ni Amazon kwenye maji laini, tena anataka wenzake wasiopungua sita. Kama birika lako linaota ukoko, muache dukani hata kama moyo umempenda.

Kisha uliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Goldifishi anauzwa akiwa saizi ya kidole, lakini hupita sentimita 15, huchafua maji haraka, na joto la Dar es Salaam si lake.

Mbuna wa Ziwa Nyasa nao ni wazuri mno, na najua wengi tunawataka kwa kuwa ni wa kwetu. Lakini dume hushika jiwe lake na kumfukuza kila anayesogea. Ziwani anayefukuzwa huenda zake. Kwenye lita 54 ataenda wapi?

Ukianza na gapi, chukua madume matupu, kama watano hivi. Jike huzaa karibu kila mwezi, na tangi litajaa ukiwa unaangalia. Usiwaingize wote siku moja.

Na ukitaka samaki wa maziwa yetu kwenye tangi dogo, tafuta multi wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus. Hafiki sentimita 5, na anaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Waweke peke yao, mchanga laini wa kina cha vidole vitatu, makombe mengi kuliko samaki wenyewe. Wangu siku ya kwanza walianza kazi mara moja: anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka kombe likazama na kubaki tundu tu, na macho mawili yakichungulia.