"Makra bibas" si kutembea sana

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini "Ajax alitembea sana" inapoa kwenye tafsiri yako ya Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, na "bibas" ya maneno yake "makra bibas" imejificha wapi kwenye kamusi. Itafute chini ya bibaō au bibēmi, jamaa ya bainō, yaani kwenda. Ule mrudio wa "bi-" usiufananishe na "tembeatembea" yetu, inayolegeza mwendo. Hapa miguu inatanuka.

"Makra" ni urefu wa hatua. Soma tena Iliad, utenzi wake wa vita vya Troya, kitabu cha 7: usoni shujaa Ajax anatabasamu kwa kutisha, chini miguu inakwenda kwa hatua ndefu, mkononi anatikisa mkuki wenye kivuli kirefu. Mimi ningeandika "akaenda akipiga hatua ndefu". Hilo "ndefu" usiliache kamwe, maana "kupiga hatua" peke yake magazeti yameshalifanya maendeleo.

Pagumu ni kitabu cha 11 cha Odyssey, utenzi wake mwingine. Roho ya Achilles, shujaa aliyekwisha kufa, ikishasikia sifa za mwanawe, inaondoka kwa hatua ndefu hivyohivyo kwenye konde la asfodeli, maua ya kuzimu. "Ikichanja mbuga" inavutia, nakiri, ila inaleta haraka, na pale ni furaha ya baba. Rudia maneno yaleyale ya Ajax, msomaji autambue mwendo wa vitani kwenye miguu ya mfu.