Raba nyeupe imegeuka njano baada ya kufuliwa: inaokoleka?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Dodoma. Mwezi uliopita nilinunua raba nyeupe za mtumba. Juu ni kitambaa cha neti, pembeni zina vipande vya ngozi bandia, soli ni nyeupe na nene. Zilikuwa na vumbi tu. Nikazifua kama ninavyofua mashati: nikaziloweka usiku kucha kwenye beseni la sabuni ya unga na vifuniko viwili vya jiki, asubuhi nikasugua, nikasuuza mara mbili, nikaanika juu ya bati. Jioni nikakuta kitambaa kimeingia madoa ya njano, hasa kwenye mishono na pale kinapokutana na soli. Na moja imeanza kuachama kwa mbele. Rafiki yangu mmoja anasema niongeze jiki, mwingine anasema nizitie kwenye mashine ya kufulia. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na jiki iweke mbali kabisa na viatu hivyo.

Ule unjano si uchafu uliogoma kutoka. Kwa jinsi ulivyoeleza, sehemu kubwa yake ni sabuni uliyoiweka wewe mwenyewe ikabaki ndani. Shati ni kitambaa kimoja chembamba. Ukilisuuza mara mbili maji yamepita pande zote. Raba ina neti juu, chini yake sponji, kisha kitambaa cha ndani, na vyote vimeshikwa kwa gundi. Ile sponji ikikaa usiku kucha kwenye maji ya sabuni inakunywa mpaka inashiba, na kusuuza mara mbili hakuitoi hata nusu. Halafu ukaanika kwenye bati la moto. Maji yaliyo ndani ya kiatu hukaukia kwenye uso wa nje, kwa hiyo yote husafiri kutoka ndani kuja nje, yamebeba sabuni, vumbi laini na rangi ya gundi ya zamani. Yakifika juu yanapotelea hewani, mzigo unabaki kwenye kitambaa. Umewahi kuona tone la chai lililokaukia kwenye kitambaa cha meza? Katikati panakuwa peupe kidogo, ukingoni duara la kahawia. Ndicho kilichotokea kwenye raba zako, na ndiyo maana madoa yamejikusanya kwenye mishono na ukingo wa soli: hapo tabaka ni nyingi na gundi ni nyingi.

Jiki nayo imeongeza yake. Klorini iliyomo humo inaivumilia pamba nyeupe, lakini nailoni, nyuzi za mpira wa kuvutika na sponji huwa inazigeuza njano. Raba za siku hizi zimejaa vitu hivyo. Kuna na suala la maji. Kama unatumia maji ya kisima, chungulia ndani ya ndoo yako: ukiona utando wa rangi ya kutu, maji hayo yana madini ya chuma, na jiki huyageuza yale madini yaliyoyeyuka yakawa kutu yenyewe, ikashika kwenye nyuzi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu kosa hili nimelifanya. Nilipokuwa bado najifunza kazi, nikifanyia Ilala, mteja aliniletea raba nyeupe za kufungia ndoa. Zilipoingia njano kidogo niliongeza jiki, nikaanika tena. Zikawa rangi ya siagi. Nilimlipa, lakini siku yake ya harusi sikuweza kumrudishia.

Sasa tuziokoe zako. Toa kamba, toa na ile soli laini ya ndani. Jaza ndoo maji safi ya uvuguvugu, yale unayoweza kutumbukiza mkono bila kushtuka, usitie sabuni yoyote. Zamisha kiatu, kibonyebonye kwa viganja kama unayekanda unga, mwaga, weka maji mengine. Rudia mpaka ukibonyeza kitambaa kwa kidole gumba kisitoe povu hata kidogo na harufu ya jiki iwe imekwisha. Usishangae ukimaliza ndoo tano au sita.

Harufu ya jiki ikiisha, na si kabla, changanya siki nyeupe nusu kikombe kwa lita 5 za maji. Nasisitiza hili la harufu: siki ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu, na kwenye bafu dogo la hosteli inaweza kukulaza hospitali. Kazi hii ifanyie nje. Loweka raba kwenye maji ya siki dakika 15 tu. Sabuni ya unga ina asili ya magadi, siki ni asidi, kwa hiyo siki inaua yale mabaki ambayo maji matupu hayakuyafikia. Kama madoa ni ya kutu, ndimu iliyochujwa inafanya kazi vizuri kuliko siki: pakaza kwenye doa, subiri dakika 10, suuza. Usiache juisi ya ndimu ikaukie hapo, nayo ina sukari na rangi yake.

Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe mazuri kuliko yote. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi ikikauka inaacha unga mweupe kwenye ngozi bandia. Chupa moja ya lita 1.5 ya maji ya kunywa, au maji ya mvua kama umekinga, inatosha kumalizia viatu viwili.

Sasa hatua ambayo watu wengi wanaiona mzaha. Kausha kiatu kwa taulo jeupe, ukikandamiza, usikamue kwa kusokota. Jaza ndani karatasi nyeupe zisizo na maandishi au vitambaa vikuukuu vyeupe, maana wino wa gazeti unaweza kuhamia kwenye kitambaa kibichi. Kisha chukua tishu nyeupe ya chooni, ile isiyo na maua wala harufu, ukivishe kiatu chote tabaka mbili au tatu, ukibonyeza ishikane na kitambaa pasibaki nafasi ya hewa. Weka kivulini penye upepo, na usiiguse mpaka tishu ikauke yenyewe. Kwa Dodoma na upepo wake siku moja inatosha. Anayeishi Tanga au Dar es Salaam ahesabu mbili. Kukauka sasa kunatokea kwenye uso wa tishu, si kwenye uso wa kiatu, kwa hiyo mzigo ule unashushwa kwenye karatasi. Ukiibandua utaiona imeingia mabaka ya njano. Furahia kuyaona hapo.

Rudia zoezi zima mara ya pili kama bado pamebaki. Baada ya mara mbili, ikiwa tishu inatoka nyeupe na kiatu bado cha njano, basi hiyo ni nyuzi zenyewe zimeunguzwa na klorini, au sponji ya ndani imezeeka na rangi yake inaonekana kupitia neti. Hakuna sabuni itakayoirudisha. Hapo ninachomshauri mteja ni rangi ya viatu vya kitambaa, au avae hivyohivyo, kiatu bado ni kizima.

Unjano wa soli ni jambo jingine. Mpira na plastiki hugeuka njano kwa hewa na jua kadiri miaka inavyokwenda, na raba ya mtumba ina miaka yake kabla haijakufikia. Kwanza sugua soli kwa mswaki wa zamani na dawa nyeupe ya meno. Ina chembe ndogo za kukwangua na inatoa uchafu wa juujuu. Iishie kwenye soli, kwa sababu kwenye neti itaingia kati ya nyuzi na hutaimaliza kuisuuza. Ikiwa unjano umeingia ndani, wenzetu wa saluni wana krimu ya peroksidi ya kuchanganyia rangi ya nywele. Ile ya voliyumu 20, ambayo ni asilimia 6, inatosha. Vaa glovu, funika kitambaa na ngozi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, paka krimu kwenye soli peke yake, izungushie nailoni isikauke, uweke juani kwa muda wa saa mbili, ukichungulia kila nusu saa. Hapa ndipo pekee ninaporuhusu jua, maana peroksidi inafanya kazi kwa mwanga wake. Soli itang'aa, ingawa baada ya miezi unjano hurudi polepole.

Kuachama kumetokana na kuloweka usiku kucha na lile bati. Gundi ya viatu hulainika kwa joto, na bati la saa nane mchana lina joto la kutosha kuiachisha. Usikimbilie supa gluu. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na hapo mbele ndipo kiatu kinapokunjika kila hatua, itapasuka ndani ya wiki. Subiri kiatu kikauke kabisa mpaka ndani ya ufa. Kwangua gundi ya zamani, piga msasa pande zote mbili, futa vumbi. Paka gundi ya fundi viatu, ile ya njano ya kopo, nyembamba, pande zote mbili, kisha uache wazi kama dakika 10 hadi iguswe kwa kidole isinate. Vijana wengi hukosea hapa kwa kubandika ikiwa bado mbichi. Bandika, gonga kwa nyundo ya mpira au kitako cha chupa, funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, usivae mpaka kesho yake. Ukiona mkono wako si mzuri, mpelekee fundi wa mtaani, ni kazi ndogo.

Mashine ya kufulia: hapana. Inaloweka, inapiga, na ikikausha kwa joto, ile soli ya sponji inaweza kusinyaa ukakuta kiatu kimepungua. Raba ya turubai tupu inaweza kuvumilia maji ya baridi, lakini yako ina ngozi bandia na gundi imeshaanza kuachia.

Siku nyingine zikichafuka, anza kiatu kikiwa kikavu. Gonga soli mbili pamoja, piga mswaki vumbi lote. Vumbi jekundu la huko likikutana na maji linakuwa tope na linazama kwenye neti. Kisha kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye nusu lita ya maji, na ufanyie kazi povu, si maji. Chovya mswaki laini, kung'uta, sugua kwa mizunguko midogo, futa mara moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji safi kabla povu halijakauka. Soli isugue kwa mswaki mwingine, usihamishe lami kwenda juu. Kamba ndizo unaweza kuloweka utakavyo. Kiatu kisichozama hakihitaji ndoo sita za kusuuza.

Kwa kuwa unanunua mtumba, nikuongezee moja ambalo huniumiza ninapoona watu wamepoteza hela. Baadhi ya raba zina soli ya kati ya poliyurithani, aina ya povu la plastiki. Povu hilo huvunjwa polepole na unyevu wa hewani, hata kiatu kikiwa kabatini hakijavaliwa. Linaonekana zima, unalivaa, siku ya pili linameguka kama mkate mkavu, na ukiliosha unaliharakisha. Kabla hujalipa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, kisha kunja kiatu kwa nguvu katikati. Soli iliyo nzima inarudi ilivyokuwa na alama ya ukucha inapotea. Alama ikibaki, au ukaona vijiufa vidogovidogo, au vidole vikanata kama umeshika asali, kirudishe kwenye fungu, hata kama muuzaji ameshusha bei mpaka elfu tano.