Maswali yenu: pendulumu nane na nyoka wa hewani

Juma lililopita tulieleza pendulumu nane, yaani nati nane zilizofungwa kwa kamba za urefu tofauti kwenye ubao mmoja. Ukiziachia pamoja, zinajipinda kama nyoka, zinaparaganyika, kisha zinarudi kwenye mstari. Barua zimetufikia kutoka kila pembe ya Goma.

Nani anaziongoza? (Mwanafunzi, Katindo)

Hakuna. Kila moja inabembea kivyake. Nyoka yuko machoni mwako. Kamba ndefu hubembea polepole, fupi haraka, ila si kwa uwiano wa moja kwa moja: ukitaka mbembeo uchukue muda mara mbili, kamba iwe ndefu mara nne. Zetu zimekatwa ili ndani ya sekunde 30 pendulumu ya kwanza iende na kurudi mara 20, ya pili mara 21, hivyo hivyo hadi ya nane, mara 27. Kwa kuwa zote zimemaliza hesabu kamili, sekunde ya 30 zinakutana zilipoanzia. Tazama hasa sekunde ya 15. Zile za 20, 22, 24 na 26 zimerudi upande wako, zile za 21, 23, 25 na 27 ziko ng'ambo. Safu mbili zinapishana, na hapo ndipo watoto hupiga kelele.

Tupe vipimo, mwalimu. (Fundi wa gereji, Birere)

Kwa sentimita: 55.7, 50.6, 46.1, 42.1, 38.7, 35.7, 33.0 na 30.6. Pima wima kutoka ubao hadi katikati ya nati, usiishie kwenye fundo. Kila nati itundike kwa kamba mbili, umbo la V, la sivyo itazunguka na kugonga jirani yake. Nati nzito au nyepesi, muda ni ule ule. Zivute zote kidogo tu kwa rula moja, uachie.

Goma iko juu sana. Vipimo vya kitabu cha Ulaya vitafaa? (Mama wa watoto watatu, Himbi)

Vitafaa, mama. Swali lako lina historia: mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aliipeleka saa yake ya pendulumu Cayenne, karibu na ikweta, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Mvuto wa dunia ni mdogo kidogo huko, na kwetu pia, tena tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Lakini upungufu huo unazigusa kamba zote sawasawa, kwa hiyo nyoka habadiliki. Mzunguko wa sekunde 30 utazidi kwa sehemu ndogo ya sekunde ambayo jicho haliioni.

Zinaweza kututahadharisha volkano ya Nyiragongo ikitaka kulipuka? (Ndosho)

Hapana. Sikilizeni OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, wenye vipima-tetemeko.

Zangu zinaharibika kabla ya kukutana. (Mwanafunzi, Majengo)

Ubao wako unatikisika. Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens aliona saa mbili zilizotundikwa kwenye boriti moja zikiishia kubembea kwa kupingana, kila mara, kwa sababu ziliambukizana mtikisiko kupitia mti. Zako zinafanya hayo hayo. Gandamiza miguu ya fremu kwa mawe ya volkano, hayo hayakosekani uani kwenu. Ikikataa bado, pima upya ile kamba fupi kuliko zote: hapo kosa la milimita tano linatosha kuichelewesha au kuiwahisha karibu robo ya mbembeo ifikapo sekunde ya 30.