Pima bomba, si dirisha: kwa anayeanza kazi ya mapazia Mwanza

Mgeni wa kazi hii akifika kwa mteja hukimbilia dirishani, akapima upana na urefu wa fremu, kisha akarudi kwenye cherehani. Vipimo vyake vinaweza kuwa sahihi kabisa na pazia bado likakataa. Pazia halining'inii kwenye fremu, linaning'inia kwenye bomba, ile fimbo inayofungwa ukutani juu ya dirisha. Kwa hiyo kwanza uliza bomba litakaa wapi. Kama halijafungwa, kubalianeni na utie alama ya penseli ukutani kabla hujafungua tepu.

Kwa kawaida bomba hupita fremu kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, na hukaa sentimita 10 hadi 15 juu yake. Hapo pazia likifunguliwa hurundikana ukutani, kioo kikabaki wazi. Mtu aliyejenga Capri Point ili aone ziwa akiwa sebuleni, ukimzibia robo ya kioo mchana kutwa umemnyima kitu alichokigharamia. Tatizo ni dirisha lililobanwa na kona ya chumba. Huko usilazimishe pande mbili zilingane. Ongeza upande wenye nafasi.

Urefu upime mara tatu: kushoto, katikati na kulia, kutoka kwenye bomba hadi sakafuni. Plasta na sakafu zetu mara nyingi hazinyooki. Chukua kipimo kifupi kuliko vyote, toa sentimita moja au mbili ili upindo usifagie chini. Na uliza kama marumaru zimeshawekwa. Buhongwa na Igoma watu wengi huhamia nyumba ikiwa bado inamaliziwa, na sakafu ikija kupanda sentimita chache, pazia ulilolishona vizuri litaburuza.

Sasa hesabu ya kitambaa, ambayo ndiyo inayokula faida. Chukua dirisha la sentimita 150. Bomba lake litakuwa kama 190. Pazia la ringi, lile lenye matundu ya duara ambamo bomba hupita, linataka kitambaa mara mbili ya bomba ili mawimbi yakae vizuri, yaani 380, na pindo za pembeni za vipande viwili ni kama 20 zaidi. Jumla mita 4. Kama kitambaa kina upana wa sentimita 280, kigeuze: upana wake uwe urefu wa pazia, nawe ununue mita hizo 4 bila kiungo hata kimoja. Ila jumlisha kwanza urefu, upindo wa chini na mkunjo wa juu. Pazia la 240, upindo 15, mkunjo 10, ni 265; inatosha. Likiwa la 270 haliingii. Kitambaa cha upana wa 150 kitakudai vipande vitatu vya urefu kamili, na mteja aambiwe hilo kabla hajalipa, siyo baadaye.

Ringi za kila kipande ziwe namba shufwa: 8, 10, 12. Zikiwa witiri, ukingo mmoja utaelekea ukutani na mwingine utachomoza sebuleni. Kumbuka pia kwamba kitambaa hupanda kidogo juu ya bomba, hivyo ongeza sehemu hiyo kwenye urefu.

Upepo wa ziwani mchana una nguvu. Pazia jepesi lenye upindo mwembamba litapepea hadi mezani, kwa hiyo upindo wa chini ufanye mpana au utie uzito ndani yake. Shela, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, usiiuze kama kinga ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Kazi hiyo ni ya nyavu. Kitambaa cha pamba kiloweke na kukianika kabla ya kukata, maana kitanywea.

Tumia tepu ya chuma, ya kitambaa huvutika. Andika kwa sentimita tupu, upana kwanza, na jina la chumba pembeni. Fundi anayechanganya na inchi ataharibu roli nzima.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, Sengerema si pa kungojea kivuko tena, kapime mwenyewe. Mteja wa Ukerewe akikutumia vipimo kwa simu, mwombe picha ya tepu ikiwa imeshikwa ukutani, namba zikisomeka, na ya pili inayoonyesha dirisha zima pamoja na kona zake. Bila picha hizo usikate.