Uji wako una nini? Maswali yenu kuhusu wimbi, mawele na mtama

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba uji wa wimbi ni chakula, si dawa. Nilidhani nimesema jambo la kawaida. Kumbe nimetia mkono kwenye sufuria za watu! Haya ni baadhi ya maswali mliyotuma. Majina nimeyaondoa, mitaa ya Nairobi nimeibakisha.

Muuzaji wa nafaka Nyamakima anasema hii ni wimbi. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Tanga, anasema ni ulezi. Jirani anashikilia ni mtama. Nimenunua nini? (Umoja)

Mama mkwe na muuzaji wanasema kitu kimoja. Ulezi wa Tanzania ndio wimbi letu: punje za mviringo, ndogo kama mbegu za sukuma wiki, rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Wajaluo huita kal, Wakikuyu ugimbi, na nyanya yangu kule Kisii alikuwa akiita obori, akaihifadhi ghalani miaka na miaka bila dawa, kwa sababu punje ni ndogo hata dumuzi, yule mdudu wa ghalani, hapati pa kuingilia.

Jirani ndiye aliyepotea njia. Mtama una punje kubwa zaidi, nyeupe au nyekundu. Ndio ule usiomwagwa penye kuku wengi. Katikati yao kuna mawele, punje za kijivu zenye ncha kidogo, ambazo Wakamba huziita mwee na Watharaka mwere. Mawele na mtama ni watoto wa ukame. Ndiyo maana utavikuta sana Kitui na Tharaka, ambako mkulima hugombana na ndege kuliko anavyogombana na jua.

Ukiingia duka la Wahindi pale Parklands utaona pakiti za bajra, jowar na ragi ukadhani ni vitu vya ng'ambo. Ni mawele, mtama na wimbi, kwa mpangilio huohuo. Wimbi lenyewe asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Lilivuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, na sasa tunauziwa na jina jipya. India hiyohiyo ndiyo iliyopendekeza mwaka 2023 uwe mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi, na Umoja wa Mataifa ukakubali. Sisi tulikuwa tunakunywa uji tu.

Mwanangu ana miezi saba. Poshomili ya hapa inasaga unga wa uji wenye vitu kumi: wimbi, mtama, mahindi, mchele, soya, njugu, omena, mbegu za maboga, mihogo, terere. Wanasema mtoto atanenepa. Nimpe? (Kawangware)

Mama, usimpe. Najua wauzaji hawatanipenda.

Kwanza, mtoto akitoka vipele au akiharisha, utajuaje ni kipi kati ya kumi kilichomkataa? Chakula kipya huanzishwa kimojakimoja, siku kadhaa kila kimoja. Pili, vitu hivyo havihitaji maandalizi sawa. Soya mbichi ina viambato vinavyozuia mwili kutumia protini, kwa hiyo lazima ipate moto wa kutosha kabla. Omena mara nyingi huanikwa chini, huja na mchanga wake. Njugu na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini, na kikishasagwa huwezi tena kuchagua punje mbovu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani. Hao walikufa ghafla. Mtoto anayekula kidogo kidogo kila siku hutaona kitu, na ini lake linaumia.

Chukua wimbi peke yake. Lichague, lioshe, likauke, lisage. Akishalizoea, protini mpe kando ya uji: yai lililoiva, maharagwe yaliyopondwa, omena uliyoiosha mwenyewe, ini la kuku. Na maziwa ya mama yanaendelea.

Kuna ujuzi wa zamani ambao ningependa urudi: kimea. Uji mzito una nguvu lakini mtoto hawezi kuumeza, ukiuongezea maji unampa maji. Loweka wimbi usiku mmoja, limwage maji, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi lichipue kidogo. Lianike, lifikiche vimizizi vitoke, lisage. Pika uji mzito wa kawaida, uepue upoe kidogo tu, kisha koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Utaona uji unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena ndipo umpe. Wanaopika busaa, pombe yetu ya nafaka, wanaijua kazi ya kimea vizuri sana, ila wao wana nia nyingine. Usitumie mtama kwa kazi hii: machipukizi yake yana kemikali inayozaa sumu ya sianidi.

Nina kisukari. Niliacha ugali mweupe nikahamia wa wimbi, lakini kipimo hakishuki. Nimedanganywa? (Kariobangi)

Mzee wangu, hujadanganywa, umeambiwa nusu. Karibu robo tatu ya uzito wa punje ya wimbi ni wanga, kama mahindi. Tofauti ni kwamba ganda lake limegandamana na kiini, ni vigumu kulikoboa, kwa hiyo linasagwa na kuliwa zima. Nyuzinyuzi za ganda hilo hupunguza mwendo wa sukari kuingia kwenye damu. Kupunguza mwendo si kuzuia. Ukila mlima wa ugali wa kahawia, umekula mlima.

Halafu niulize jambo moja: uji unaunywa vipi? Wengi wanaoniandikia wana ugali mdogo mchana, na asubuhi kikombe kikubwa cha uji laini chenye vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kimoja ni kama gramu nne. Na uji wa unga uliosagwa laini sana hupanda haraka kuliko ugali wa unga wenye chembechembe, hata bila sukari. Mwambie wa poshomili asisage mara mbili.

Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe, samaki au nyama. Pima saa mbili baada ya kula, leo kwa wimbi, kesho kwa mtama, uone mwili wako unasemaje. Dawa za daktari usiziguse.

Nina mimba ya miezi mitano na kliniki wamesema damu ni kidogo. Shangazi ananiletea uji wa wimbi kila siku kwa sababu ni mwekundu. (Pipeline)

Mshukuru shangazi, kisha umeze vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa kliniki. Rangi haiongezi damu. Kama ingekuwa hivyo, matofali yangetusaidia. Wimbi lina chuma, ila si nyingi. Mawele huwa nayo zaidi. Na katika nafaka zote hizi kuna faiteti, zinazoshika madini hayo yasipite kwenye utumbo.

Hapo ndipo mapishi yanapoingia. Uji uliochachushwa siku moja au mbili kabla ya kupikwa hupunguza faiteti. Kamulia ndimu au tia ukwaju, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai weka mbali, angalau saa moja kabla na baada ya mlo. Najua Pipeline asubuhi bila chai ni adhabu.

Ambacho wimbi limejaliwa kweli ni kalsiamu: zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za punje, wakati mahindi hayafiki hata 30. Kwa mama mjamzito hilo ni jambo la maana, na shangazi hakulitaja.

Unga wa mawele unakuwa mchungu baada ya wiki chache. Nimeuziwa uliooza? (South B)

Huenda ulikuwa mzima ulipoununua. Mawele yana mafuta takriban asilimia tano, wimbi halifiki mbili. Yakishasagwa, mafuta hukutana na hewa, yanaharibika. Nunua punje, saga kilo moja kwa wakati, kiasi cha kumaliza kwa wiki moja au mbili. Wenye friji waweke humo.

Ni kweli mawele huleta rovu, ule uvimbe wa shingo? (Eastleigh)

Yana viambato vinavyosumbua kazi ya tezi ya shingo. Tatizo limeonekana mahali kama Darfur, Sudan, ambako mawele ndiyo chakula cha kila siku na aidini ni haba. Ukitumia chumvi yenye aidini na kula vyakula mbalimbali, kula mawele yako.

Daktari amenikataza ngano kabisa kwa sababu ya gluteni, ile protini ya ngano. Wimbi ni salama? (Lang'ata)

Wimbi, mawele na mtama havina gluteni. Mashine ndiyo yenye shaka: iliyotoka kusaga ngano dakika tano zilizopita itakuachia vumbi lake. Tafuta isiyosaga ngano, au nunua kisagio kidogo cha nyumbani.

Uji wangu una mchanga kila mara, ingawa naosha. (Githurai)

Unaosha kama mchele, ukimwaga maji na kubaki na kila kitu chini. Geuza: mawe ni mazito kuliko punje. Tia wimbi kwenye beseni la maji mengi, makapi yaelee uyamwage. Kisha zungusha beseni na umimine punje pamoja na maji, kidogo kidogo, kwenye beseni la pili. Mchanga unabaki nyuma. Rudia mara tatu, nne, hadi chini pasisikike mkwaruzo. Anika siku hiyohiyo juani kwenye kitambaa safi, likauke kabisa. Likienda kwa poshomili na unyevu, utavuna ukungu.

Watoto wamekataa ugali wa kahawia. Chapati ya wimbi inawezekana? (Buruburu)

Inawezekana, dada, ila bila ngano haisukumiki. Kikombe kimoja cha wimbi kwa viwili vya ngano, maji ya moto, unga upumzike nusu saa chini ya kitambaa. Sukuma nene kidogo kuliko ulivyozoea. Ya kwanza itakatika ukiigeuza. Hiyo ni ya mpishi, uile na chai ukiwa umesimama hapohapo jikoni.