Barua kwa mwanangu: wote wana hoja, kwa hiyo?

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, vumbi tu ndilo limezidi.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema huko Mlimani mhadhiri wa somo la maadili anawapa hoja za wanaotaka adhabu ya kifo, kisha za wanaoipinga. Wiki inayofuata utoaji mimba, wiki nyingine misaada kwa maskini. Na kila mara anaondoka bila kuwaambia nani yuko sahihi. Unaniuliza: kama kila upande una hoja, si ina maana kila mtu na lake? Na kama ni hivyo, kwa nini usihamie somo lenye majibu?

Usihame. Na hapana, haina maana hiyo. Falsafa sikusoma, nilisomea uuguzi, kwa hiyo nitakujibu kwa mambo ya zahanati.

Lawalawa sijui kama uliwahi kuisikia, ninyi mliokulia kwenye bomba. Kwetu Ugogo na kwa Wanyaturu kule Singida, kuanzia miaka ya 1970, mtoto wa kike akiwashwa sehemu za siri, akatoka uchafu, akalia kila akikojoa, watu walisema ni lawalawa. Mizimu imekasirika, na dawa yake ni kukeketwa. Sasa sikiliza vizuri. Mama aliyempeleka bintiye kwa ngariba kwa sababu hiyo hakuwa anabishana na sisi wauguzi kuhusu ukatili. Aliamini anamtibu mwanawe. Yeye na mimi tulitaka kitu kimoja, tukatofautiana ugonjwa umetoka wapi.

Alikuja mama mmoja na bibi, wamembeba mtoto wa kama miaka mitatu, kafungwa kipande cha khanga tu kwa sababu chupi ilikuwa inamuumiza. Yalikuwa maambukizi ya kawaida. Tukampa dawa, tukamwonyesha mama namna ya kumwosha, kutoka mbele kwenda nyuma, si kinyume chake. Wiki iliyofuata mtoto anakimbia kwenye korido. Bibi akaniangalia, akasema: "Sawa, amepona. Ila atakeketwa tu. Nani atamwoa?"

Lawalawa ilikuwa imeshaondoka kwenye mazungumzo, na sasa ndipo ugomvi wenyewe ukaonekana: ndoa, heshima ya ukoo, na mwili wa mtoto ni wa nani. Bibi alikuwa na hoja, tena si ya kipumbavu, maana msichana asiyeolewa kijijini siku zile alipata shida kweli. Na bado nasema alikosea. Heshima ilikuwa ya ukoo mzima, lakini wa kuilipia alikuwa mjukuu peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ilipofanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai, baadhi ya watu wakahamia kwa vichanga, kwa siri. Basi siku ya kliniki unamvua mtoto nguo umweke kwenye mizani, unaona kidonda. Utafanyaje? Mimi na muuguzi mwenzangu tulibishana hadi foleni ya chanjo ikaanza kunung'unika. Yeye alisema ukimpeleka mama huyu polisi, mwezi ujao kina mama wa kijiji kizima watabaki nyumbani na watoto wao, na surua haingoji mtu. Mimi nikasema mama huyu atazaa tena, na jirani yake ni mjamzito. Mpaka leo tukikutana soko la Majengo, kila mmoja na fungu lake la mlenda, tunaanza upya. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kusema "kila mtu na lake". Tungekuwa tunaamini hivyo, tungebishania nini?

Kwa hiyo mhadhiri akileta hoja mbili, jambo la kwanza usiulize nani kashinda. Uliza wanaachana njia wapi hasa.

Chukua hiyo adhabu ya kifo, maana ina historia hapa hapa mjini. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, katika kesi ya Mbushuu na mwenzake, aliwatia hatiani kwa mauaji, kisha akatamka kwamba kunyonga kunapingana na Katiba, kwa sababu ni adhabu ya kikatili na inamtweza mtu. Akawafunga maisha. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu ile. Watu wengi wanadhani majaji wa rufani walisema kunyonga si ukatili. Walikubali kwamba ni ukatili! Walichosema ni kwamba adhabu hiyo inaokolewa na Ibara ya 30, inayoruhusu haki za mtu kubanwa kwa maslahi ya umma, na kwamba kama inahitajika kulinda uhai, wa kuamua ni jamii. Adhabu ikabaki kwenye vitabu hadi leo, ingawa tangu katikati ya miaka ile ya 1990 hakuna aliyenyongwa.

Mimi niko na Mwalusanya. Jamii ninayoijua ndiyo hii inayomchoma moto kibaka kwa sababu ya simu, kesho yake inauliza jina lake lilikuwa nani. Siwezi kuikabidhi kitanzi. Mtu akinithibitishia kwamba kunyonga kunapunguza mauaji nitamsikiliza, kwani hilo ni suala la ushahidi, kama lawalawa. Ila hata akithibitisha, bado atanidai nikubali kumfanyia mtu ukatili ili wengine waogope, na hapo ndipo nitakapokataa.

Kuhusu misaada kwa maskini, mwanafalsafa Peter Singer anatoa mfano wa mtoto anayezama bwawani mbele ya mpita njia anayeweza kumwokoa kwa kuchafua nguo tu: insha ile ya 1972 aliiandika kwa ajili ya njaa ya Bengal Mashariki, na ina nguvu. Kama unaweza kumwokoa mtu kwa hasara ndogo, umbali wake si kisingizio. Wenzako watakutania kuhusu ombaomba wa Dodoma, wacha wacheke. Ukimaliza kucheka nao, wasimulie Mtunya, njaa iliyoua maelfu Ugogo kuelekea mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume, kisha mvua nazo zikagoma. Kwenye bwawa la Singer anayepita anamkuta mtoto tayari anazama. Je, kama anayepita ndiye aliyemsukuma, tutaita msaada au deni? Muulize mhadhiri, nami nitapenda kusikia jibu.

Insha ya adhabu ya kifo iandike. Mtetee kwanza usiyekubaliana naye, mpaka mwenyewe angesoma na kusema ndiyo, hicho ndicho ninachosema. Kisha useme unasimama wapi. Usinimalizie kwa "hoja zote zina uzito". Na kabla ya kuikabidhi nitumie nakala, kwa sababu baba yako ni mtu wa kitanzi na ameshanunua kalamu nyekundu.

Mama yako