Chui na nyati: kusoma nyayo Saadani kwa anayeanza kuongoza wageni

Ukianza kazi ya kutembeza wageni Saadani, hifadhi ya taifa iliyo pwani ya Tanzania, iwe umetokea upande wa Bagamoyo au wa Pangani, wanyama wawili watakusumbua kuliko wengine. Chui, kwa kuwa humwoni. Nyati, kwa kuwa mara nyingi unamwona umeshamkaribia mno. Wote wawili utawajua kwanza ardhini, na huko wageni wa kazi hukosea kwa jambo moja: wanatazama ukubwa wa alama kabla ya umbo lake.

Unyayo wa chui ni wa mviringo. Hesabu vidole vinne, kisha tafuta alama za kucha. Hazipo, maana akitembea huzifutika ndani. Ukiona kucha wazi, mfikirie fisi au mbwa wa kijijini. Ila chui naye huzitoa akiteleza kwenye tope, kwa hiyo usiamue kwa unyayo mmoja, fuata hata mitano. Kitako cha unyayo kina vifundo vitatu kwa nyuma. Sasa ndipo utoe rula upime upana: sentimita 7 hadi 9 ni kawaida ya chui mkubwa, zikipita 11 mfikirie simba. Hapa pana mtego. Chui hukanyagia mguu wa nyuma pale pale alipoinua wa mbele, alama mbili zinapandana, na mgeni wa kazi anapima urefu wa zote mbili na kutangaza simba. Pima upana, tena wa mguu wa mbele, ambao ndio mkubwa.

Nyati ana kwato mbili nene, na za mbele ni pana kuliko za nyuma kwa sababu ndizo zinazobeba kichwa, pembe na shingo. Dume laweza kufika kilo 800, wakati chui wengi hawafiki 70, kwa hiyo kwenye udongo mweusi wakati wa masika kwato huzama na kutanuka, alama ikadanganya. Shida kubwa zaidi ni ng'ombe. Kwato zao zinafanana sana na za nyati, ingawa za nyati ni za duara zaidi. Fuata njia hatua mia moja: ng'ombe wa kuchungwa ana nyayo za katambuga nyuma yake.

Kinyesi hakina utata. Cha nyati ni bapa kama cha ng'ombe, nyasi zimesagika vizuri kwa kuwa anacheua. Cha chui kina vipande vilivyochongoka mwishoni, ndani mna manyoya, na kikikauka huwa cheupe kwa chokaa ya mifupa. Mahali chui alipokojoa kuweka mpaka hunukia kama bisi. Ukipata harufu hiyo kichakani, simama, tazama matawi ya juu.

Usichanganye namna ya kujiokoa, kwani hili ndilo linaloumiza watu. Kwa chui, usikimbie na usimkazie macho. Rudi nyuma polepole, mwachie njia. Nyati hupewa nafasi kabla hajakuona: jua upepo unatoka wapi, na ukiona ndege wala kupe wanaruka ghafla kutoka kichakani, usisogee mbele. Dume kongwe lililojitenga na kundi hulala humo mchana, na likishtuka karibu huja moja kwa moja. Mti wa kupanda ndio kinga. Ukikosa, lala kifudifudi. Yote haya hayaondoi haja ya askari mwenye silaha mbele ya msafara.

Umri wa unyayo bara unasomwa kwa kingo: mpya ni kali, wa jana umelainishwa na upepo na umande. Ufukweni tunayo saa nzuri zaidi. Alama yoyote iliyo chini ya mstari wa maji ya mwisho kujaa haijafikisha saa 12 na nusu, maana yangeifuta. Angalia tu mstari wenyewe: wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa kidogo, mwani ulio juu kabisa uliachwa na bamvua, yale maji makubwa, na unaweza kuwa wa siku kadhaa. Shuka hadi mstari wenye mwani mbichi, na uhesabu kuanzia hapo.